Usisifu Sauti Kabla Hujaiuliza Shingo

Rafiki yangu mmoja, mtu ambaye mapenzi yake kwa muziki hayana breki, aliwahi kuniazima hedifoni yake kwa siku tatu. Ilikuwa Audeze LCD-4, kazi ya kampuni ya California, ambayo ilipoingia sokoni iliuzwa karibu dola 4,000. Alinikabidhi ikiwa ndani ya sanduku lake, kwa mikono miwili, kama mtu anayekupa mtoto mchanga umpakate.

"Kaka, ukiivaa hii utasikia hadi mpiga gitaa anavyohema," akaniambia.

Hakunidanganya. Ijumaa usiku niliiweka kichwani nikafungulia Songs for the Poor Man, albamu ya Remmy Ongala na Orchestre Super Matimila iliyotolewa na Real World mwaka 1989. Besi ilishuka chini kabisa bila kuvimba. Solo likasimama upande wake, ridhimu upande wake, na tumba zikawa na ngozi, maana yake nilisikia kiganja kikigusa ngozi kabla mlio haujatoka. Nikamtumia rafiki yangu ujumbe wa neno moja: "Duh!"

Dakika ya arobaini nikaanza kuisogeza nyuma kidogo. Dakika ya sitini nikaisogeza mbele. Ilipotimia saa moja na nusu nikajikuta nimeegemeza kichwa ukutani ili ukuta unisaidie kubeba. Hedifoni ile ina karibu gramu 700. Jaribu kupakia utosini unga wa nusu kilo na sukari isiyofika robo kilo, kisha useme unastarehe.

Jumamosi niliamka shingo imekakamaa kama ya mtu aliyelala vibaya kwenye basi la mkoani. Kwa mkono wa mazoea tu, bila kuwaza, nikachukua hedifoni yangu ya zamani, Sennheiser HD 600 yenye gramu 260. Ile ya dola 4,000 sikuigusa tena mpaka Jumatatu, nilipoirudisha kwa mwenyewe na asante nyingi. Akaniuliza sauti naionaje. Nikamwambia ni nzuri kuliko yangu, na nilikuwa nasema kweli. Nilichomficha ni kwamba ile bora kuliko yangu niliisikiliza kwa saa moja na nusu, na yangu nikaisikiliza siku mbili zilizobaki.

Tangu hapo nina ugomvi na namna tunavyolinganisha hedifoni. Wapenzi wa vyombo hivi huzungumza sauti kwa marefu na mapana: besi, sauti za kati, sauti za juu, upana wa jukwaa. Starehe huja mwishoni kwa sentensi mbili, kama kachumbari pembeni ya sahani ya pilau. Mimi nasema wameanzia mkiani. Sauti ya hedifoni inaanzia pale inapokutana na kichwa, na asiyekiuliza kichwa hajaisikia hedifoni bado.

Niseme ninakotoka, msomaji asije akadhani nazungumza kwa anasa. Kazi yangu ni kuhariri vipindi vya redio. Siku za kawaida navaa hedifoni saa tano, saa sita, nikiondoa vikohozi, nikikata "aaa" na "eee" za wageni wa kipindi, nikitafuta mahali pa kuunganisha sentensi mbili bila msikilizaji kujua. Wahenga walisema sikio halilali njaa. La kwangu ndilo linalonilisha.

Tuanze na chombo chenyewe. Ndani ya kila kikombe cha hedifoni kuna kiwambo. Ni neno letu lenyewe: kiwambo ni kile kilichowambwa, kama ngozi ya ngoma. Katika hedifoni za kawaida kiwambo hicho kimegandishwa kikoili cha waya kilicho mbele ya sumaku. Umeme wa muziki ukipita kwenye waya, sumaku inausukuma na kuuvuta, kiwambo kinatikisika, hewa inatikisika, nawe unasikia. HD 600 inafanya kazi hivyo, na hedifoni nyingi duniani hali kadhalika.

Kuna aina ya pili, ambayo Yamaha waliiuza tangu mwaka 1976 kwa jina la HP-1, na ambayo Audeze na HiFiMan waliifufua karibu na mwaka 2010. Humo waya umechorwa juu ya kiwambo kizima, chembamba kama karatasi ya pipi, nacho kimewekwa katikati ya safu za sumaku. Kwa kuwa kiwambo chote kinasukumwa kwa pamoja, hakipindi, na hapo ndipo inapotoka ile besi safi iliyonifanya niseme duh. Lakini safu za sumaku ni chuma, na chuma ni uzito. Kilichonipa besi Ijumaa usiku ndicho kilichonikaba shingo Jumamosi asubuhi. Huwezi kusifu kimoja ukasahau kingine, maana vimetoka tumbo moja.

Aina ya tatu ni ya umemetuli, ambayo Stax wa Japani waliianza mwaka 1960. Kiwambo chake hakina waya wala sumaku, ni chepesi mno, na wanaoipenda huapa kwamba hakuna kinachoifikia. Tatizo ni kwamba inahitaji amplifaya yake maalumu yenye volti 580. Hiyo huendi nayo kibarazani.

Mwamba ngoma, ngozi huivuta kwake. Mwenye Audeze atasifu besi, mwenye Stax atasifu wepesi wa kiwambo, nami mwenye HD 600 nitasifu sauti za watu. Ndiyo maana ni vizuri kuwasikiliza wale ambao kazi yao ni kupima. Miaka ya 2010 mtafiti wa sauti Sean Olive na wenzake wa kampuni ya Harman walitaka kujua watu wanapenda sauti ya namna gani hasa. Wakakutana na kikwazo: ukimfumba mtu macho na kumvisha hedifoni mbalimbali, anazitambua kwa uzito na kwa jinsi zinavyobana, na akishazitambua hukumu yake haiaminiki tena. Wakapata njia. Walimvisha kila msikilizaji hedifoni moja ile ile, kisha kwa kompyuta wakaigeuza sauti yake ifanane na ya hedifoni nyingine.

Jaribio lile limetufundisha mengi kuhusu sauti. Lakini msomaji aone lilichokiri kimyakimya. Ili kuipima sauti peke yake, wataalamu walilazimika kwanza kukiondoa kichwa katika hesabu. Nyumbani kwangu kichwa hakiondoki.

Na hata sauti yenyewe hainunuliwi kwa bei. Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha vipimo vya hedifoni 283, akazipanga kwa bei na kwa mwitikio wa masafa, yaani jinsi kila moja inavyotoa sauti nzito hadi nyembamba. Hakukuta uhusiano wowote kati ya bei na mwitikio huo. Za bei ndogo na za bei kubwa zilikuwa zimechanganyika kama abiria wa daladala.

Sasa nirudi kwenye kichwa. Kwa nini nasema sauti inaanzia hapo? Fikiria pampu ya baiskeli. Ukisukuma mpini na mpira umekaza, hewa inabanwa na tairi linajaa. Mpira ukiwa na tundu, utasukuma mpaka jasho likutoke na tairi litabaki limelegea. Besi ya hedifoni iliyofungwa inafanya kazi kwa namna hiyo. Kiwambo kidogo kinabana hewa iliyo kati yake na ngoma ya sikio, na mto unaozunguka sikio ndio mpira wa pampu. Pakiwa na upenyo, sauti nzito ndizo zinazotoroka za kwanza.

Na upenyo unatoka wapi? Mkono wa miwani ni upenyo. Rasta ni upenyo. Hijabu ni kitambaa kati ya mto na ngozi: kinapitisha besi nje na kuzifunika sauti za juu kwa wakati mmoja. Dada mmoja ninayefanya naye kazi alikuwa akilalamika kwamba hedifoni za studio "hazina besi" huku sisi wengine tukizisifu. Tulimbishia kwa muda mrefu, kwa ujinga wetu. Siku moja aliingiza mito ndani ya hijabu, ngozi kwa mto, akakaa kimya kidogo, kisha akasema: "Kumbe hiki ndicho mlichokuwa mnasikia siku zote?" Tulikuwa tunabishana kuhusu hedifoni mbili tofauti zilizotoka sanduku moja.

Vichwa vya bandia vinavyotumika kupimia, kama kile kiitwacho KEMAR kilichoanza kutumika mwaka 1972, vimetengenezwa kwa vipimo vya wastani wa mtu mzima. Ni vyombo vya maana sana. Ila kichwa kile hakivai miwani, hakisuki rasta, hakitoki jasho, na kikiachwa na gramu 700 tangu asubuhi mpaka magharibi hakisemi kitu.

Basi tulinganishe hedifoni chache, kwa masikio na kwa shingo, na kwa muziki tunaoujua.

HD 600 ilitoka mwaka 1997 na bado inauzwa. Uzuri wake uko kwenye sauti ya binadamu. Mpe Bi Kidude na utamsikia kifua, koo na pumzi, kila kimoja mahali pake. Besi ya chini kabisa haina, na jukwaa lake ni jembamba: bendi inakaa karibu na uso kama imekuja kupiga sebuleni. Ikiwa mpya inabana kama koleo. Wenyewe huitanua juu ya rundo la vitabu usiku kucha, nami yangu niliilaza juu ya kamusi mbili kwa wiki nzima. Ikishalainika, inakaa vizuri, kwa sababu mito yake ni ya kitambaa laini na uzito wake umegawanyika. Ndugu yake HD 650, wa mwaka 2003, ana joto zaidi kwenye besi na upole zaidi juu. Kwa starehe ni mapacha.

Beyerdynamic DT 990 Pro, ya Heilbronn kule Ujerumani, ina gramu 250 na ndiyo iliyo laini kuliko zote nilizowahi kuvaa. Mito yake ni kama manyoya ya paka na haibani. Ila sauti zake za juu zimeinuliwa. Kwa muziki wa dansi hilo linatia uhai, matoazi yanameta. Kwa taarabu ya Culture Musical Club, ile ala ya nyuzi, kanuni, inaanza kuchoma. Na kwa mimi ninayehariri Kiswahili, lugha iliyojaa "si", "sisi" na "sasa", kila S inageuka sindano. Saa mbili za mahojiano na masikio yanaomba poo.

AKG K701, iliyotoka mwaka 2005, ina gramu 235 tu, nyepesi kuliko hizo mbili, na magitaa yake ya rumba ni ya kuvutia: unaweza kulifuata gitaa la mi-solo kutoka mwanzo wa wimbo hadi sebene bila kulipoteza. Lakini walioibuni waliweka vinundu kwenye ngozi ya upinde wa juu, na baada ya saa moja vinundu hivyo vinakuhesabu utosi. Hapa nijikosoe kidogo: gramu peke yake haisemi yote. Robo kilo iliyotandazwa ni afadhali kuliko robo kilo iliyosimama juu ya ncha nane.

Sennheiser HD 800, ya mwaka 2009, ni kesi ya aina yake. Ina gramu 330, lakini vikombe vyake ni vikubwa kiasi kwamba sikio haliguswi na chochote, na jukwaa lake ni pana kupindukia. Okestra kubwa inatawanyika mbele yako kama uwanja wa mpira. Sasa weka humo rekodi za zamani za Radio Tanzania Dar es Salaam, zile ambazo bendi nzima ilipiga kwa pamoja studioni. Iliyo ya mono itakaa katikati ya fuvu, mahali pamoja, hata hedifoni iwe na upana wa bahari. Ukumbi mpana umejengwa, wageni wamekaa wote kwenye benchi moja. Kabla hujalipia jukwaa, jiulize kama nyimbo unazozipenda zina wa kulijaza.

Na mwishoni mwa foleni, Koss Porta Pro ya mwaka 1984. Umbo lake halijabadilika tangu hapo, bei yake ni kama dola 50, na uzito wake haufiki gramu 100. Sauti yake ina besi nene na haijifanyi mwanazuoni. Inaning'inia kwenye sikio kwa sponji, na kuna kitelezeshi pembeni cha kuchagua ibane kiasi gani. Kwa hotuba, tamthilia na redio ya asubuhi, nimewahi kusahau kwamba nimeivaa, nikatoka nayo nje waya ukiburuzika.

Mtu atanijibu kwamba sauti ni sauti: kama unataka kilicho bora, vumilia. Viatu vya harusi navyo vinabana, na bado tunavivaa. Nakubali. Kama unataka saa moja ya kuabudu muziki kila Jumapili, umekaa kwenye kochi, kichwa kimeegemea, LCD-4 na wenzake watakupa kitu ambacho HD 600 haikijui. Ila hakuna anayekwenda Kariakoo kwa miguu na viatu vya harusi. Wengi wetu tunavaa hedifoni tukifanya kazi, tukisoma, tukisafiri, tukisubiri. Hiyo ni kazi ya viatu vya kila siku, na vinapimwa kwa kutembelewa.

Tena nina jibu la pili, ambalo naliona zito zaidi. Sauti siku hizi inarekebishika. Programu ya kusawazisha sauti, inayopatikana bure kwenye kompyuta na simu, inaweza kuzishusha zile S za DT 990 mpaka zikanyamaza, au kuongeza besi kidogo chini ya HD 600. Nimefanya yote mawili na ilinichukua robo saa. Hakuna programu ya kupunguza gramu. Hakuna kitufe cha kulainisha vinundu vya utosini wala cha kukausha jasho. Kwa hiyo, ikibidi kuchagua, nunua starehe kisha tengeneza sauti. Njia ya kinyume haipo.

Historia nayo iko upande wangu. Nathaniel Baldwin wa Utah alitengeneza jikoni kwake hedifoni alizolipelekea jeshi la wanamaji la Marekani mwaka 1910, na kwa miongo mingi baadaye chombo hiki kilibaki cha watu wa kazi maalumu. Mwaka 1968 Sennheiser walitoa HD 414, nyepesi, iliyo wazi mgongoni, yenye sponji, na watu wa kawaida wakaanza kukaa nayo sebuleni. Mwaka 1979 Sony wakatoa Walkman pamoja na hedifoni isiyofika gramu 60, na vijana wakatoka nayo barabarani. Mara zote mbili, kilichowavuta watu wengi ni chombo kupungua uzito.

Lakini vingi vya vyombo hivi vimebuniwa kwenye nchi za baridi, na sisi tunavivaa kwenye joto. Desemba mpaka Machi, Dar es Salaam au Mombasa, ngozi bandia juu ya sikio ni sawa na kuvaa koti la mvua ndani ya nyumba. Robo saa tu jasho limejikusanya, mto unateleza, upenyo unafunguka, besi inatoroka. Isitoshe, ngozi hiyo haidumu. Niliwahi kuuziwa hedifoni yenye jina kubwa ambayo baadaye niligundua ni feki. Miezi mitatu haikuisha mito ikaanza kubanduka, nikawa natoka kazini na magamba meusi masikioni kama mtu aliyelala jikoni. Kitambaa laini kinapitisha hewa, kinafuliwa, na kikichoka kinabadilishwa. Mito ikibonyea, sikio linakaribia kiwambo na sauti inabadilika, kwa hiyo hedifoni usiyoweza kuipatia mito mipya itakuwa hedifoni nyingine baada ya miaka miwili.

Sifa kubwa ya HD 600 ambayo haiandikwi kwenye kurasa za sauti ni kwamba karibu kila kipande chake kinachomolewa na kuwekwa kingine: mito, waya, sponji za upinde, hata nyavu za pembeni. Fundi wangu, mzee anayetengeneza redio na simu kwenye kibanda cha mita mbili, aliigeuza mkononi siku moja akasema: "Hii aliyeitengeneza alikuwa anamfikiria fundi." Sijasikia sifa kubwa kuliko hiyo.

Joto lina mwenzake, nao ni makelele. Hedifoni iliyo wazi mgongoni ina sauti yenye nafasi na inapumua, lakini inaingiza kila kitu: feni, jenereta la jirani, bodaboda, mahubiri ya spika, watoto. Pia inatoa kila kitu, na mwenzako kitandani atausikia wimbo wako wote. Wanaoishi kwenye nyumba tulivu za ghorofani wanaweza kuzipenda zilizo wazi bila majuto. Kwa nyumba ya kupanga yenye ua mmoja na familia nne, iliyofungwa ndiyo yenye akili. Hapo naipa kura yangu Beyerdynamic DT 770 Pro, ya omu 80: gramu 270, imefungwa mgongoni, na mito yake ni ya kitambaa. Sauti zake za juu zina ukali wa kifamilia, ila hiyo ni kazi ya ile robo saa ya programu.

Hizo omu nazo zisikupite. Ni kipimo cha ukinzani wa umeme. HD 600 ina omu 300, na simu nyingi haziwezi kuisukuma ipasavyo. Itaimba, lakini kwa sauti ya mgonjwa. Ongeza bei ya amplifaya ndogo kwenye hesabu yako, au chagua yenye omu chache.

Nimeacha lenye uzito kuliko yote liwe la mwisho, nalo ndilo linalounganisha shingo, mto na sauti. Shirika la Afya Duniani linasema vijana zaidi ya bilioni 1 wako hatarini kupoteza usikivu kwa sababu ya kusikiliza kwa sauti kubwa. Kiwango linachokiona salama kwa mtu mzima ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kila desibeli 3 zinazoongezeka zinakata muda huo nusu: 83, saa 20, 86, saa 10, 89, saa 5. Sasa mfuate kijana mwenye miwani aliyepanda daladala na hedifoni inayomlegea. Besi inatoroka, ngurumo ya injini inaingia. Anafanya nini? Anapandisha sauti. Besi hairudi, kwa sababu tundu bado lipo, ila sauti za kati na za juu zinaingia sikioni kwa nguvu mpya. Anapandisha tena. Hedifoni iliyokaa vibaya inamfundisha kujiumiza, na usikivu ukishakufa haufufuki. Atakuja kuambiwa kwamba sikio la kufa halisikii dawa, na kwake haitakuwa methali tena.

Ndiyo maana nasema starehe si anasa ya wenye nacho. Mto unaoziba vizuri unakuruhusu kusikiliza kwa sauti ya chini na bado upate kila kitu.

Kwa hiyo, msomaji, ukienda kununua, usikubali kuvalishwa kwa dakika mbili huku muuzaji amekufungulia wimbo wake. Nenda na miwani yako kama unavaa, na nywele zako zilivyosukwa, na hijabu yako au kofia yako. Nenda na nyimbo tatu unazozijua kwa moyo: mmoja wa sauti ya mtu peke yake, mmoja wenye magitaa mengi, mmoja wa zamani uliorekodiwa vibaya, kwa sababu nyimbo nyingi tunazozipenda ziko hivyo. Tikisa kichwa, tafuna kitu, inama kama unayefunga kamba za kiatu. Uliza gramu kabla ya kuuliza masafa. Uliza mito ya akiba inapatikana wapi na kwa bei gani. Kisha kaa. Akikuharakisha, ondoka.

Rafiki yangu bado anayo ile LCD-4, imetulia kwenye kibao chake cha mti mzuri, na wageni wanaoiona wanaistaajabia. Wiki iliyopita nilipita kwake bila taarifa, nikamkuta mezani anafanya hesabu za duka. Kichwani alikuwa amevaa Porta Pro.